Nilitumwa Eastlands Kumrudisha Mpwa Wangu Mchekeshaji

Mpenzi msomaji, safari hii sikuifunga kwa hiari yangu. Nilitumwa. Dada yangu, akaaye Majengo hapa Mombasa, alinijia alasiri moja amejitanda buibui lake, simu mkononi, macho yamemwiva. Hata salamu hakunipa. Alininyoshea simu akasema, "Kaka, tazama afanyavyo mwanao." Nawe wajua desturi yetu: mtoto akifaulu ni wa mamake, akikosea ni wa mjombake.

Nikatazama. Picha yenyewe haikuzidi dakika moja. Mpwa wangu amesimama jukwaani huko Nairobi, kipaza sauti mkononi, kofia ya kiua imelalia sikio moja, anamwigiza marehemu babake. Shemeji yangu alikuwa kinyozi pale Majengo, na huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike. Kijana aliipata sauti yake, mwendo wake, hata kile kikohozi alichokuwa akikohoa kabla ya kushika mkasi. "Babangu alikuwa Mpwani kamili," akawaambia watu. "Ukimwendea Ijumaa asubuhi akunyoe uwahi sala, utawahi. Utawahi sala ya Ijumaa ijayo!" Watu wakaangua kicheko, na picha ikakatika hapo.

Dakika hiyo moja ilikuwa imekwisha kuzunguka Malindi, Lamu na Tanga, ikavuka bahari mpaka kwa jamaa zetu wa Maskati, na kutoka huko mtu mmoja akauliza kama kijana huyu ana wazee. Dada yangu hakulala siku tatu. "Nenda Nairobi ukamwone," akaniambia. "Ikiwa ni wazimu, tumtafutie dawa. Ikiwa ni njaa, mlete nyumbani ale."

Basi nikafunga kijifurushi changu, nikapanda gari-moshi pale Miritini, hili la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, na jioni nikawa Pumwani kwa jamaa yangu.

MITAA YA SHAURI YA MOYO

Msomaji asidhani kuwa Eastlands ni ugenini kwa Mwislamu wa Pwani. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, pale wakuu wa mji walipotaka Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja chini ya macho yao. Wengi wa wenye nyumba wa kwanza walikuwa Waislamu, wanawake kwa wanaume, na Majengo ya huko yalipata misikiti, vyuo vya Kurani, na ngoma za lelemama zilizotoka kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha zamani cha Pangani kilivunjwa, na wenyeji wakaambiwa wahamie nyumba mpya za serikali. Yasemwa kwamba wao walijibu kuwa kuhama au kutohama ni shauri ya moyo wa mtu, na mtaa mpya ukaitwa Shauri Moyo mpaka leo. Watu wamebomolewa nyumba zao, na bado wakapata nafasi ya kuutia mzaha katika jina la mahali walipopelekwa!

Baadaye, katika miaka ya 1940, ikajengwa Kaloleni, ambayo ukumbi wake ulisikia hotuba nyingi za wanasiasa kabla ya uhuru. Zikafuata Bahati, Maringo, Mbotela, Jericho na Jerusalem, na baada ya uhuru zikaja Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole. Humo walitiwa watu wa kila pembe ya Kenya, mlango kwa mlango. Nao watu wa makabila mengi wakichota maji bomba moja, hawana budi ama kutaniana ama kupigana. Watoto wao wakajitungia lugha yao, Sheng, ambayo mifupa yake ni Kiswahili na nyama yake imetoka kila jiko. Ndiyo lugha ya vichekesho vya huko, nami nakiri kwamba siku ya kwanza nilihitaji mkalimani.

NANI ALIWAFUNGULIA NJIA

Kuchekesha watu kwa ujira si jambo la jana. Wazee wetu walimjua Kipanga na Mzee Pembe. Sisi wa rika langu tulikua na Vitimbi, tukikusanyika kwa jirani mwenye televisheni kumtazama Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Huyo Mzee Ojwang' jina lake la kweli lilikuwa Benson Wanjau. Aliisema lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi hata watu wakaapa kuwa ni mtu wa Nyanza, kumbe yeye ni Mkikuyu! Alipofariki Julai 2015, walimlia Wajaluo na Wakikuyu na sisi wengine wote. Miaka michache kabla ya kufa kwake wananchi walikuwa wamemchangia fedha za kutibiwa macho. Mtu aliyewachekesha Wakenya kwa zaidi ya miaka 20 hakuwa na akiba ya kumponya jicho.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakazuka vijana watatu wa Redykyulass, nao ni Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie. Hao walithubutu kumwigiza Rais Moi naye yungali madarakani, jambo ambalo miaka kumi nyuma lingempeleka mtu kizuizini. Kisha akaja Daniel Ndambuki, ajulikanaye kwa jina la Churchill, ambaye onyesho lake la televisheni lilikuwa mlango wa vijana wengi waliotoka mitaani mikono mitupu. Kwake ndiko wengi walikofunzwa kwamba mtu aweza kusimama peke yake mbele ya halaiki, bila pazia wala mwenzake wa kumsaidia, akala kwa ulimi wake. Wawili kati ya wachekeshaji wa Kenya wamefika hata Bungeni: huyo Kiarie kwa kiti cha Dagoretti Kusini mwaka 2017, na Phelix Odiwuor, yaani Jalang'o, kwa kiti cha Lang'ata mwaka 2022.

Lakini kazi hii ina majonzi yake. Ayeiya alikufa katika ajali ya barabarani mwaka 2017, akiwa ndiyo kwanza nyota yake yang'aa. Othuol Othuol alifariki Oktoba 2020 baada ya kuugua muda mrefu, na wenzake walilazimika kuomba msaada hadharani. Vijana wa Eastlands wayajua majina hayo kama sisi tujuavyo majina ya manahodha waliozama.

USIKU WA KWANZA

Mpwa wangu alinipokea kwa adabu, akaniamkia kwa kunibusu mkono, akanitafutia chai ya tangawizi. Nikamwambia nilichotumwa. Akanyamaza, kisha akasema, "Mjomba, mama ameona dakika moja. Mimi nilisimama dakika kumi na mbili. Njoo kesho usikie zote, kisha ukitaka kunirudisha, nitarudi."

Kumbe ulikuwa mwanzo wa tamasha. Vijana wa mitaa kadha walikuwa wamechangishana, wakakodi ukumbi kwa usiku tatu mfululizo. Nilikuwa nimesoma juu ya matamasha ya namna hii huko ng'ambo. Lile la Edinburgh lilianza mwaka 1947, pale vikundi vinane ambavyo havikualikwa katika tamasha kubwa la mji vilipokwenda hivyohivyo na kutafuta kumbi zao vyenyewe, na leo huwajaa wachekeshaji kutoka dunia nzima. Lile la Montreal huko Canada lilianza mwaka 1983, likawa mashuhuri, na tamasha lake la mwaka 2024 likafutwa kwa uzito wa madeni. Hawa wa Eastlands nao hawakualikwa na mtu. Tofauti ni kwamba viti vilikuwa mabenchi ya kuazima, umeme ulikatika mara mbili, na kiingilio kilikuwa shilingi 200, nayo waliilipa kwa M-Pesa.

Niliketi safu ya tatu na kanzu yangu na kofia yangu. Mshereheshaji akaanza kwa kuita mitaa. "Umoja mko?" Kelele. "Dandora?" Kelele zaidi. "Buruburu?" Hao wakazomewa, kwa kuwa yasemekana hujiona. Nikakumbuka ngoma za zamani, mtaa kushindana na mtaa kwa sare na nyimbo. Ni kitu kilekile, isipokuwa hapa hawana tarumbeta.

Akaingia binti mmoja, pengine hajatimiza miaka 23, akasimulia habari za mwenye nyumba wao anayekata maji siku ya kodi. Aliwagawa wapangaji kwa jinsi wanavyojificha: mmoja huzima taa, mmoja husali kwa sauti, mmoja humtuma mtoto kusema "Mama amesema hayuko." Ukumbi mzima ulijitambua. Mama mmoja kando yangu alicheka mpaka akalia, akaniambia, "Huyo wa tatu ni mimi, mzee."

Kisha mshereheshaji akaniona. "Mzae wa kanzu! Umetoka Mombasa? Na majini umekuja nayo?" Watu wote wakanigeukia. Msomaji wangu, moyo ulinidunda kama siku ile nilipotakiwa kusoma juzuu mbele ya maalim. Lakini sikuzaliwa Mombasa bure. Nikasimama nikasema, "Nilikuja nao hadi Syokimau. Mvua ikanyesha, matatu wakapandisha nauli, wakarudi." Ukumbi ukapasuka. Vijana wakanipigia benchi, na tangu hapo nikawa mtu wa mtaa.

Hata hivyo si yote yaliyokuwa matamu. Kijana mmoja alianza kwa kuigiza lafudhi za makabila, na watu wakacheka, kila mmoja akingoja zamu yake. Walakini alipoona anapendwa akazidisha. Akaligusa kabila moja, akalitaja pamoja na mambo ya uchaguzi wa mwaka 2007. Kicheko kilikatika kama uzi. Humo ukumbini mlikuwa na watu ambao jamaa zao waliuawa au walifukuzwa majumbani katika ghasia zile zilizoua watu zaidi ya 1,000. Yule mama kando yangu alisema polepole, "Hapo hapana." Mshereheshaji alimwondoa kijana bila ya kumwaibisha, akakaa kidogo kimya, kisha akaanza kujicheka yeye mwenyewe na viatu vyake mpaka watu wakapumua.

Nikafahamu jambo. Utani una mipaka yake, na mipaka hiyo haikuandikwa katika sheria ya utangamano ya mwaka 2008 peke yake. Imo katika sura za watu walioketi mbele yako, nawe ukiwa na macho utaiona.

DAKIKA KUMI NA MBILI

Mpwa wangu aliingia karibu saa nne ya usiku. Akamleta babake kwa kikohozi kile. Akalisema lile la Ijumaa, watu wakacheka, nami nikauma meno. Lakini safari hii picha haikukatika.

"Siku aliyokufa babangu," akasema, "watu wote waliokuja mazikoni walikuwa na nywele ndefu. Kila anayenipa mkono wa tanzia ananong'ona, 'Babako alikuwa aninyoe Ijumaa.' Nikahesabu. Arobaini! Wote aliwaahidi Ijumaa moja, saa moja, kiti kimoja. Ndipo nikajua kwa nini alikuwa akichelewa. Neno 'hapana' lilikuwa halimtoki kinywani. Na nusu yao walikuwa hawamlipi."

Ukumbi ukawa kimya. Akatoa mfukoni mkasi wa babake, mkasi niujuao mimi, kwani umenipita kichwani miaka 20. Halafu akatoa daftari kuukuu. "Nimerithi vitu viwili: mkasi, na daftari la madeni. Mkasi bado unakata. Na daftari nimekuja nalo. Ngoja nitazame kama mna mtu wa Eastlands humu." Akalifungua polepole, akainua macho akanitazama mimi. "Mjomba?"

Nilicheka, ndugu msomaji, na machozi yakanitoka, kwa kuwa ni kweli. Nilikuwa na deni la marehemu.

Watu walinyanyuka wakamwendea jukwaani na noti mikononi, na wengine wakamtumia kwa simu, kama vile kwetu watu wanavyomtuza mwimbaji wa taarabu. Hakuna aliyewafundisha.

TULIYOZUNGUMZA

Baada ya onyesho tulikaa Pumwani tukila mahamri na maharagwe, tukazungumza mpaka karibu na alfajiri. Nilimwambia wazi kwamba kuchekesha si haramu kwangu wala si kugeni. Yasimuliwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya mzaha na wala hasemi ila kweli. Sisi wa Pwani tuna hadithi za Abunuwasi na tuna watani wetu. Makunduchi huko Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa makuti ya migomba na wanawake huimba maneno ambayo siku nyingine yangewapeleka barazani. Lamu, katikati ya miaka ya 1970, washairi walitupiana mafumbo ya uchaguzi, na kanda zao zikasikilizwa nyumba kwa nyumba. Na Tanga ilitupa King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, ambaye hata masheikhe wengine walikuwa wakimcheka kwa siri.

"Basi kosa langu liko wapi, mjomba?" akaniuliza.

"Liko hapa. Humu ukumbini wameisikia habari yote, wakajua babako alichelewa kwa wema. Lakini Maskati wameona mvivu tu. Na wengi huku bara wanaamini hivyo juu yetu sisi sote, kwamba kazi yetu ni kulala chini ya mnazi. Wewe umewapa ushahidi, tena kutoka kinywani mwa mtoto wa nyumba. Sura ya Hujurat imetukataza watu kuwadharau watu wengine. Na mwenye kusema uongo ili awachekeshe watu ameonywa kwa maneno mazito katika hadithi. Ukweli uliokatwa katikati wafanana sana na uongo."

"Si mimi niliyeukata. Ni aliyerekodi."

"Najua. Lakini ukumbi una mlango, na simu haina. Ukishajua kwamba yuko atakayekukata, chunga upitishapo kisu."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo bado nalifikiri. "Mjomba, nikieleza wema wake kwanza, kichekesho kinakufa. Kicheko huja kwa kuwa hawajui."

Sikuwa na jibu. Mimi ni mtunga mashairi, nami najua kwamba fumbo likifumbuliwa mwanzo si fumbo tena. Nikamwambia tu ajaribu, na asipoweza, nitamwambia mamake kwamba nimemsikia mpaka mwisho na sikuona wazimu.

Usiku wa pili akajaribu. Alianza na daftari. Aliwaonyesha watu madeni kwanza, akawasomea kiasi, shilingi 30, shilingi 50, hata shilingi kumi, kisha ndipo akamleta mzee na kikohozi chake na Ijumaa yake. Sitakuficha, mpenzi msomaji: kicheko kilipungua. Hakikupungua sana, lakini mwenye masikio alisikia, na yeye ndiye mwenye masikio kuliko sisi sote. Aliposhuka jukwaani uso wake ulikuwa umesinyaa. Lakini wazee wawili walimfuata nje, mmoja Mkamba na mmoja Mluhya, kila mmoja ataka kumsimulia habari za babake mwenyewe. Usiku wa kwanza walimtuza na kwenda zao. Usiku wa pili walikaa.

Nikampigia dada yangu, nikamtumia picha nzima, dakika zote. Tukangoja. Ilipita nusu saa, mpwa wangu akivunja vijiti vya kiberiti kimoja kimoja. Simu ikalia.

Dada yangu alikuwa akilia na akicheka, sikuweza kupambanua. Akasema, "Mwambie amekosea. Hawakuwa arobaini. Walikuwa zaidi." Akavuta pumzi. "Na hao waliokuwamo daftarini, wewe ukiwamo, mtalipa lini?"

Nimerudi Mombasa peke yangu. Kijana nimemwacha huko, kwa kuwa hakuwa na wazimu, na njaa yake si ya kushibishwa na wali wa mamake. Deni la marehemu nimelilipa, shilingi 350, mbele ya mashahidi. Na katika gari-moshi, tulipokuwa twapita Mtito Andei, ubeti huu ulinijia, nami nampelekea yeye na wenzake wote wa Eastlands:

Kicheko kina makali, kama wembe wa kinyozi,
Mkono wenye akili, hunyoa pasi machozi,
Na mkono usojali, hukwangua hata ngozi,
Cheka nami waziwazi, usinicheke mtani.